Wakutubi waja skuli: maswali mnayotuuliza kila likizo (Amu, yaani Lamu, na visiwa vyake)

Haya maswali hatukuyatunga sisi. Ni yaleyale twaulizwa gatini, barazani, kwenye magrupu ya watsapu ya wazazi na ofisini kwa hedimasta, tena na tena, kila skuli zikikaribia kufunga. Basi tumeyaweka pahali pamoja. Kama lako halimo tuulize tukija, hatumli mtu.

## Ya mwanzomwanzo

Nyinyi ni kina nani haswa na mwataka nini skulini kwetu?

Ni watu wa maktaba, wakutubi, pamoja na vijana wawili watatu wa kujitolea wanaobeba makasha. Wiki ya mwisho kabla skuli hazijafunga twazunguka madarasa, twasomea watoto hadithi, twawaonyesha vitabu, halafu kila anayetaka anaondoka na kimoja cha kukaa nacho likizo nzima. Basi, hakuna kingine. Hatuuzi kitu wala hatumpigii mtu kampeni (hili la kampeni huulizwa sana mwaka wa uchaguzi, na ukiona watu wageni na makasha wanashuka botini kweli waweza kudhani ni fulana).

Hii si tuisheni mmeipa jina lingine?

La. Tuisheni ya likizo imekatazwa, iko kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, ndio maana hedimasta wengine wakisikia "likizo" na "kusoma" kwa pumzi moja wanaanza kutafuta miwani. Twawaelewa. Lakini sisi hatufundishi, hatusahihishi, hatuwakusanyi watoto darasani skuli ikishafungwa. Mtoto akikaa chini ya mkungu kwao akasoma kisa cha fisi hiyo si tuisheni, na asipokisoma hamna adhabu.

Kuna mwalimu mmoja, mtu mzuri sana, alitaka kila kitabu kiende na maswali kumi ya ufahamu yajibiwe kabla ya Januari. Tulimuomba aache. Mtoto akijua kuna maswali huenda akayatafuta majibu, hadithi yenyewe akairuka.

Ni bure?

Ni bure. Mtu akiwadai pesa kwa jina letu mtuambie.

Nimeona mtandaoni wazungu wana mambo ya watoto kusoma wakati wa kiangazi. Nyinyi si mumeiga tu?

Wazo ni la kwao, hatukatai. Marekani na Uingereza likizo yao ndefu ni ya kiangazi, na maktaba za Marekani zilianza kuwavuta watoto wasome miezi hiyo tangu miaka ya 1890. Uingereza wana shindano la maktaba lililoanza 1999 na kwa miaka mingi lengo limekuwa mtoto asome vitabu sita kabla skuli kufunguliwa.

Kwetu kalenda ni nyingine. Likizo ya Aprili na ya Agosti ni wiki tatu hivi, ndefu ni ya mwisho wa mwaka, wiki tisa mpaka kumi, wakati kaskazi ishaanza na jua la mchana hata paka hatoki. Kwa hivyo ziara yetu kubwa ni ya Oktoba, ile ya Julai ni ndogo na ya Machi ni ndogo zaidi. Na tofauti nyingine, kule mtoto yuwaweza kwenda maktaba kwa miguu yake. Mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, akitaka kuja maktaba Amu apande boti, alipe nauli, atafute jamaa wa kulala kwake. Ndio tukaona bora maktaba ipande boti. Jirani zetu wa Garissa walianza kubebesha ngamia vitabu mwaka wa 1996, sisi tuna mashua na punda.

Ni kweli mtoto husahau kusoma akiwa likizo?

Inategemea wauliza nani. Mtafiti mmoja wa Marekani, Barbara Heyns, aliwafuatilia watoto wa mji wa Atlanta, kitabu chake kikatoka 1978, na aliona kwamba kusoma vitabu likizo kulimsaidia mtoto na kwamba hata umbali wa maktaba na nyumbani ulikuwa na maana. Watafiti wa baadaye wakasema kule kusahau kwenyewe kulitiwa chumvi kwa sababu ya vile mitihani ya zamani ilivyopimwa. Kwa hivyo mkitumiwa zile picha za watsapu za "mtoto hupoteza asilimia kadhaa" msishtuke sana.

Tunachokiona sisi ni kidogo tu, nacho ni cha gredi ya 2 na ya 3. Hawa ndio kwanza wanaunganisha silabi, na akikaa wiki kumi bila kushika herufi Januari utamsikia anakwama pale pale alipokuwa amekwama Agosti. Mkubwa anayesoma vizuri hasahau, yeye huchoka tu.

## Siku tukija

Mwachukua muda gani?

Dakika arobaini kwa darasa. Skuli ndogo twaimaliza asubuhi moja.

Mbona mlisema saa tatu na mkafika saa saba?

Samahani, na itatokea tena. Boti za kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, na maji yakipwa hapo boti yakwama, mnakaa mnaangaliana. Kwa hivyo ratiba yetu yafuata maji, haifuati kengele ya skuli. Twajitahidi kuangalia bamvua (maji makubwa) na maji mafu (madogo) kabla ya kuwapigia simu, ila nahodha akisema tungoje twangoja. Mara moja tulikwama na makasha matatu ya vitabu na abiria mmoja mwenye mbuzi, tukamsomea mwanawe hadithi mbili mpaka maji yakarudi, na ile ilikuwa ziara nzuri kuliko ya skuli tuliyokuwa twaenda.

Matondoni na Kipungani, vijiji vya kisiwa hiki hiki cha Amu, hakuna shida hiyo, huko twaenda na punda. Punda hachelewi sana, ila akiamua kusimama amesimama.

Darasani mwafanya nini hasa?

Hatuanzi na hotuba ya umuhimu wa kusoma. Tulikuwa tukiifanya zamani na watoto walikuwa wakiangalia dirishani, haki yao.

Mmoja wetu asimama na kitabu, asoma kwa sauti, anapiga sauti za wanyama bila haya. Hadithi ifikapo pale mamba amefungua kinywa na mtoto ateleza, kitabu chafungwa. Paa! Darasa zima lapiga kelele, "Malizia! Malizia!" Twawaambia mwisho umo humu ndani, anayeutaka aje akichukue. Kitabu hicho kikienda twasoma kingine, twakifunga tena. Ni ujanja mwepesi tu lakini bado hatujapata unaoushinda.

Kisha twatandika mikeka, vitabu vyamwagwa juu yake, havipangwi kwa saizi wala kwa gredi, na watoto wakaa chini wachague wenyewe. Hapo ndipo kwenye kazi. Kuna anayeshika cha kwanza akatoroka nacho, kuna atakayefungua kumi na mbili. Wadogo waliotoka chuoni (madrasa ya Kurani) wengine hufungua kitabu kuanzia nyuma, kutoka kulia, vile walivyozoea msahafu na juzuu, hatuwacheki, twakigeuza tu polepole mkononi mwake.

Anayeuliza kama kitabu ni kigumu twampa hesabu ya vidole: fungua ukurasa wowote, soma, kila neno usilolijua kunja kidole, vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha kitabu hicho kingoje kidogo. Akikitaka vivyo hivyo kwa sababu ya picha ya papa, mwacheni achukue.

Vitabu ni vya Kiswahili au Kiingereza?

Vingi ni vya Kiswahili, Kiingereza pia vipo, na vichache vina lugha mbili ukurasa kwa ukurasa. Wazazi wengi watuomba Kiingereza tupu kwa sababu ya mitihani. Maoni yetu ni haya, mtoto mdogo apate kwanza raha ya kusoma kwa lugha anayoiota usiku.

Na hata hicho Kiswahili cha kitabuni si cha nyumbani kwao. Tulikuwa na msichana wa gredi ya 3 akisoma vizuri sana mpaka akafika "ndoo ya maji", akasimama. Akatuuliza, "Aitwa nani aje?" Kwao, kwa Kiamu, ndoo ni njoo. Darasa likacheka, na yeye akacheka, halafu tukakaa robo saa twatafuta mengine: njia na ndia, mji na mui, moja na moya. Mwalimu naye alikuwa mtu wa bara, alitoa kalamu akaandika.

Mimi ni mwalimu wa darasa, niandae nini?

Orodha ya majina ya watoto na ya mzazi au mlezi wa kila mmoja. Mikeka kama ipo. Na ukae darasani usikilize, usiende kusahihisha madaftari, manake watoto wanakuangalia wewe kuliko wanavyotuangalia sisi. Ukichukua kitabu chako pia ukaenda nacho nyumbani, tumemaliza kazi.

Ufito uache ofisini siku hiyo tafadhali.

## Kuazima na kurudisha

Mtoto akikipoteza nalipa?

Hulipi. Tuambie kimepotea, twakifuta kwenye daftari, na likizo ijayo anapewa kingine kama wenzake. Wako wakutubi wenzetu wanaotuona wajinga kwa hili. Lakini tulipokuwa tukitoza faini, vitabu vilirudi vyote, vizuri, visafi, kwa sababu vilikuwa vimefungiwa kabatini na mama siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Sasa twapoteza vichache kila msimu, na vinavyorudi vina mafuta ya mahamri kwenye kurasa.

Kitabu kimeingia maji ya bahari, kimeharibika?

Hakijaharibika bado, ila fanya haraka, ukungu huanza kwa siku mbili tu na hewa yetu hii ya chumvi. Sisi wenyewe tushaangusha kasha zima gatini kwa hivyo hili tumelisomea kwa uchungu.

Kama ni maji ya chumvi kisuuze kwanza kwa maji matamu, kikiwa kimefungwa, usikisugue. Kikamue kwa kukibana kati ya taulo mbili, usikisokote kama kanga. Halafu kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo kama feni, na kila kurasa chache utie karatasi nyeupe kavu au tishu, ubadilishe ikilowa. Usikianike juani hata jirani akikwambia vipi, jua litakipinda kama papa mkavu. Kikikaribia kukauka kikandamize na kitu kizito usiku mmoja, jiwe la kutwangia latosha.

Vitabu vya karatasi ya kung'aa, vile vya picha nyingi, ndivyo vibaya zaidi, vikikauka vimeshikana havibanduki tena. Hivyo vitie tishu kila ukurasa mara moja kabla havijaanza kukauka.

Na kama huna nafasi siku hiyo, kitie kwenye mfuko safi wa mkate ukifunge, ukiweke frizani. Wallahi si mzaha, baridi husimamisha ukungu na utakikausha siku yako ukipata wasaa. Lile kasha letu lilikaa siku nne kwenye friza ya muuza samaki mmoja, na vitabu vilipona karibu vyote, ingawa kimoja mpaka leo chanukia samaki changu.

Kimeraruka. Nikigundishe na selotepu?

Usiguse. Kirudishe hivyo hivyo na kipande chake ndani. Selotepu baada ya mwaka hugeuka rangi ya chai na yala karatasi.

Twarudisha wapi na lini?

Wiki ya kwanza skuli zikifungua, kwa mwalimu wa darasa, sisi twapita kuvichukua. Walio mjini Amu waweza kuleta maktaba wenyewe siku yoyote na kubadilisha, hata mara tano likizo moja.

## Nyumbani

Mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje mwanangu?

Hili hutuuliza kina mama kwa sauti ya chini, pembeni, wengine wakishaondoka. Mama, usione haya. Kazi yako ni ndogo na ni kubwa: mwambie akusomee wewe. Ukiwa wapepeta mchele, ukiwa wasuka ukili, yeye akae hapo asome kwa sauti. Asipoeleweka mwambie, "Sijaelewa hapo, hebu rudia." Hiyo peke yake yamfaa, kwa sababu Kiswahili mtoto yuaweza kukisoma silabi zote sawa kama kasuku na asijue alichosoma, wewe ukimuuliza "Kisha ikawaje?" ndipo ajitambue.

Na hadithi ulizo nazo kichwani ni maktaba pia. Mwana Kupona, mshairi wa huku, alimtungia binti yake utendi mwaka wa 1858, na kwa miaka mingi wanawake wa huku wameuweka vifuani, hata wasioshika kalamu. Mtoto aliyezoea kusikiliza beti na ngano hapati taabu kukaa na kitabu.

Likizo mwanangu yuko chuoni asubuhi na jioni. Atasoma saa ngapi?

Hatutaki kugombana na chuo, na hatuna sababu. Maalim ndiye aliyemfundisha kukaa kitako, kufuata mstari na kidole, kurudia mpaka kikae. Sisi twafuata nyuma yake tu. Dakika kumi na tano zatosha, kati ya adhuhuri na alasiri wakati jua halitokeki, au baada ya isha. Tena maalim wawili tunaowajua wametuomba vitabu vya hadithi viwekwe kule chuoni kwa watoto wanaofika mapema, tumepeleka.

Kila siku asoma kitabu kile kile. Nimkataze?

Usimkataze. Yuwakipenda.

Yuko gredi ya 6 na hajui kusoma vizuri. Haoni haya kupewa cha watoto wadogo?

Aona haya sana, na wenzake wakimwona atakitupa. Tuambie mapema kwa siri, wewe au mwalimu wake. Twabeba vitabu vya picha na maneno machache lakini vya mambo makubwa, mpira, papa, jahazi, vichekesho vya katuni, ambavyo havionekani kama vya watoto. Au apewe cha mdogo wake, aambiwe kazi yake ni kumsomea mdogo. Hii imefanya kazi zaidi ya mara moja, yule mkubwa hujifanya yuwamfundisha mwenzake na huku yeye ndiye ajifunzaye.

Yuataka simu tu. Kwani hawezi kusoma kwenye simu?

Aweza. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure, za Kiswahili zimo, mwazipakua mara moja pahali penye intaneti nzuri na mwasoma bila kula bando. Ila nyinyi nyote na sisi twajua kwamba baada ya hadithi ya kwanza kidole kitaenda kwenye vidyo. Mzazi akiwa amekaa naye, sawa. Akiwa peke yake, karatasi.

## Kesi za kando

Mtoto asafiri likizo nzima kwenda Mombasa kwa shangaziye. Apewe kitabu?

Apewe. Vitabu vyetu vishafika Mombasa, Malindi, kimoja kilirudi kutoka Muscat na kadi ya salamu ndani.

Mtoto haendi skuli kabisa, aweza kuchukua?

Aweza, na twamtaka huyo kuliko wote. Aje siku ya ziara hata akisimama dirishani. Mlezi yeyote aandike jina, kama hajui kuandika aseme tumwandikie. Na mkimjua mtoto kama huyo mtuonyeshe kimya kimya, msimtangaze.

Mtoto wangu haoni vizuri.

Uoni hafifu tuna vichache vya maandishi makubwa, tuambie kabla tumwekee. Asiyeona kabisa, vitabu vya breli hatuna, huo ndio ukweli. Tunachofanya ni kumrekodia hadithi kwenye simu ya mzazi siku ileile tukiwa hapo, na tukipata kijana mwenye sauti nzuri ndio bora zaidi.

Ziara ikiangukia Ramadhani?

Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo ikigusa wiki zetu za ziara, na hata likizo yenyewe, twajua mapema. Twaja asubuhi mapema, twafupisha, na hadithi zenye vyakula vingi twaziacha kwenye kasha. Mara moja tulisahau tukasoma kisa cha karamu ya biriani kwa gredi ya 5, saa tano, wote wamefunga. Hawajatusamehe.

Sisi tuko Ndau, tuko Kiwayu, mbona hamji Julai?

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Bahari ya nje mwezi huo haina adabu na boti zetu ni ndogo. Oktoba twaja, na Julai twawapa walimu kasha wakipita Amu kuchukua vitu vyao. Utaratibu wa kurudisha ni ule ule, angalia "Twarudisha wapi na lini?"

Nina vitabu vya zamani nyumbani, mwapokea?

Vya hadithi twapokea, hata kama jalada limetoka, ilimradi kurasa zote zimo na mchwa hawajaanza. Ensaiklopidia za mwaka sabini la. Mitihani ya kurudia ya KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, pia la, watoto wa mwisho waliukalia 2023, na bado kila wiki mtu hutuletea gunia. Hizo mpelekee mama wa bajia, ndiye mwenye shida na karatasi.